Asumini ya bibi, miaka mitatu majani matupu

Mwaka 2024, mwisho wa mwezi wa tisa, nilichukua mkasi nikaukata mti wa asumini wa marehemu bibi yangu mpaka ukabaki vijiti vya dhiraa moja kutoka kwenye udongo, na mamangu hakusema na mimi siku mbili. Namuelewa. Katika vitu vya bibi vyote, ule mti ndio uliokuwa ungali na uhai, na mimi ndio nimesimama nao na mkasi mkononi. Lakini nilikuwa nimefika mwisho jamani. Miaka mitatu mizima mti umejaa majani, kijani mpaka yang'aa, matawi yamepanda ukutani yamefika dirishani, na kwa miaka yote hio mitatu tulipata maua matatu. Nimeyahesabu. Na moja katika hayo lilianguka kabla halijafunguka.

Bibi alifariki 2021. Alivyokuwa hai ule mti ulikuwa unatoa maua mpaka tunagawia majirani. Kila siku baada ya swala ya alasiri alikuwa anaketi kwenye kiti chake cha kamba pale kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba, anachuma yale matumba ambayo yameshageuka meupe kabisa na kuvimba lakini bado yamefumba, anayatia kwenye kitambaa kibichi, kisha anatunga. Ikifika magharibi yanaanza kufunguka yenyewe kwenye uzi, na mpaka isha nyumba nzima inanukia kutoka dakani, pale mlangoni pa kuingilia, mpaka ndani kabisa. Tulikuwa tukifanya maulidi nyumbani yeye ndio wa vikuba, vile vishada vya maua, asumini, mrehani, vipande vya mkadi na waridi kidogo, anafunga, anarashia marashi, kila mgeni anapewa chake. Mimi nilikuwa mtoto wa kumshikia uzi tu.

Basi alipofariki, mti ukanyamaza. Mamangu akasema mti umeshika eda. Majirani wakaja kutupa pole wakauangalia wakasema hivo hivo, mti unamlilia mwenyewe. Na mimi niliamini, sioni haya kusema. Nilikuwa nikipita pale kiwandani nauona umesimama na majani yake mazito bila ua hata moja nasikia kifua kinabana. Kwa hivyo nikafanya kile nilichoona ni kuutunza. Nikaanza kuutia maji kila siku asubuhi na jioni, na samadi ya punda nikawa naomba kwa vijana wa punda wananiletea gunia, namwaga pale juu bila kuiacha ioze. Hapa Lamu samadi ya punda haikosekani, si mnajua. Mti ukafurahi kwelikweli, ukatoa majani makubwa kama kiganja cha mtoto. Nikawa naona nafanya vizuri.

Eda ya binadamu ni miezi minne na siku kumi. Ilipofika mwaka wa tatu ndio nikaanza kujiuliza kama kuna kitu kingine.

Kuna bi mkubwa mmoja mtaa wa Langoni ambaye mpaka leo anatunga vikuba vya harusi, na asumini zake anapanda mwenyewe. Nikaenda kwake mwezi wa nane, nikamwamkia, nikamuonyesha picha kwenye simu. Hakuangalia hata muda. Akaniuliza natia maji mara ngapi, nikamwambia. Akaniuliza mti uko wapi, nikamwambia kiwandani. Akasema, "Mti wataka yua, mwanangu. Na mai umeupa mangi." Yaani unataka jua, na maji nimeutia mengi. Nikamwambia bibi, lakini ulikuwa pale pale kiwandani miaka yote na ulikuwa unatoa. Akanyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Nyumba yenu hamukujenga?"

Wallahi nilisimama pale mlangoni kwake sijui la kusema, manake tulikuwa tumejenga. 2021, mwaka ule ule. Bibi alipougua tuliongeza chumba juu upande wa mashariki ili kakangu na mkewe warudi wakae karibu, na kilimalizika kama miezi miwili kabla hajafariki. Kabla ya hapo upande ule wa kiwanda ulikuwa na ukuta mfupi tu, jua lilikuwa linaingia tangu asubuhi. Sisi wenyewe tuliuzibia mti jua, halafu tukasema unaomboleza.

Nikarudi nyumbani nikafanya kitu ambacho namshauri kila mtu afanye kabla hajanunua mbolea wala dawa yoyote. Nilichukua kipande cha makaa, kila baada ya nusu saa nikawa naenda kuangalia kama jua limegusa majani, nikichora alama sakafuni pale kivuli kilipofika. Siku nzima. Jua liliufikia mti saa nne na nusu, likaondoka saa sita na nusu. Masaa mawili tu. Asumini inataka angalau masaa sita ya jua kamili, na ikipata zaidi ndio inafurahi. Alafu nikafikiria mwezi wa sita inakuwaje, kwa sababu sisi hapa tuko karibu sana na mstari wa ikweta, kusini yake nyuzi mbili na kidogo, kwa hivyo mwezi wa sita jua la mchana linaegemea upande wa kibla, yaani kaskazini. Na mti wetu ulikuwa umekaa karibu na ukuta wa kibla. Ikimaanisha wakati ule hata hayo masaa mawili haupati, unaishi kwenye kivuli miezi kadhaa. Nyumba zetu za mawe zilijengwa hivi makusudi, kuta ndefu na kiwanda chembamba, ili ndani pawe baridi wakati wa joto, na kwa watu ni neema. Kwa asumini ni kisima.

Kwa hivyo jua lilikuwa la kwanza. Lakini yule bi mkubwa alisema na maji pia, na nilipoondoka aliniambia maneno ambayo nimeyashika: "Uwate uone kiu, kisa uukate." Hapo sikumuelewa, kwangu mimi mti mgonjwa hauachwi na kiu, na wala haukatwi. Nikaingia kwenye intaneti usiku ule nikaangalia vidio za watu wa Madurai, kusini mwa India, ambako asumini ni kilimo cha watu kabisa, mashamba kwa mashamba, asumini yao inaitwa Madurai malli na mwaka 2013 jina lake likapewa ulinzi rasmi ili mtu wa mahali pengine asilitumie. Sielewi Kitamil lakini mikono inaonekana. Wanafanya kile kile alichosema bibi wa Langoni. Wanaacha kumwagilia kwa muda, majani yanapukutika, kisha mwisho wa mwezi wa kumi na moja wanakata shamba lote libaki kimo cha sentimita 45 hivi. Nikapima dhiraa yangu, kiwiko mpaka ncha ya kidole, ni hio hio. Bibi wa Langoni hajawahi kwenda Madurai na watu wa Madurai hawaijui Langoni, na wote mkasi wao unasimama mahali pamoja.

Sababu yenyewe nilipoielewa niliona ni wazi. Asumini hii yetu inatoa tumba kwenye ncha za machipukizi mapya. Tawi kuukuu linaweza kuwa refu na zuri kiasi gani, ua halitoi, kazi yake imekwisha. Mti usipokatwa unaendelea kurefusha yale matawi makongwe kutafuta jua na ncha mpya zinakuwa chache. Ukiukata, kila kijiti kinatoa machipukizi mawili matatu, na kila chipukizi ni mahali pa maua. Na ile kiu inafanya mti usimame, uache kutengeneza majani, upumzike. Kwao India ile baridi kidogo ya mwisho wa mwaka inasaidia kuupumzisha. Sisi hapa hatuna baridi. Joto letu mchana wakati wa kusi ni nyuzi 27 au 28, wakati wa kaskazi mpaka mwezi wa tatu linafika 31, 32, basi, hakuna msimu wa kuuambia mti lala sasa. Ukiutia maji mwaka mzima utakua mwaka mzima, majani juu ya majani. Kwa hivyo pumziko lazima ulilete wewe kwa mkono wako, kwa kuzuia maji, na mbolea nyingi ya samadi mbichi ndio inaharibu zaidi kwa sababu nguvu yote inakwenda kwenye majani. Mimi nilikuwa nafanya yote mawili kwa mapenzi.

Wakati wa kukata kwetu si ule wa India. Nilikaa na kalenda nikawaza pepo zetu. Masika mvua inapiga, mwezi wa tano ndio mbaya zaidi, kisha kusi inavuma, mawingu, jua la kupokea na kupokonywa, hapo hata ukikata mti utaamka polepole. Asumini ni mti wa joto. Lakini ukikata demani, mwezi wa tisa, kusi imelegea na bahari imetulia, machipukizi yanatoka wakati jua linazidi, mvua ya vuli inawanywesha kidogo, na kaskazi ikiingia mti uko tayari. Hesabu hio nilifanya mwenyewe na nasimama nayo.

Mwanzo wa mwezi wa tisa nikaacha kutia maji. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili majani yakaanza kulegea mchana. Wiki ya tatu yakawa yanaanguka, sakafu ya kiwanda imetapakaa, na mamangu anafagia huku hasemi. Kila siku mbili nilikuwa nikitia kikombe kimoja tu ili mizizi isife kabisa. Nilikuwa naogopa, siwafichi. Usiku nilikuwa naamka naenda kuushika shina kama bado lina maji ndani, nakwangua gome kidogo kwa kucha, nikiona kijani chini yake narudi kulala.

Kisha ndio ile siku ya mkasi. Niliunoa, nikaupitisha kwenye moto, nikakata kila tawi juu kidogo ya jicho la jani, nikaondoa matawi yaliyokufa na yale membamba yanayokwenda ndani. Ukabaki vijiti tisa. Mamangu alikuja akasimama mlangoni akaangalia, akaingia ndani.

Mti wenyewe uko kwenye nusu ya pipa la plastiki, bibi aliupanda humo zamani, kwa hivyo tuliweza kuuhamisha, lakini nilitaka kwanza kuubadilishia udongo na hapa nikakuta jambo jingine ambalo nadhani linawahusu watu wengi wa mji huu. Udongo ule ulikuwa umejaa chokaa. Miaka na miaka lipu ya ukuta inabanguka vipande vidogo vidogo vinaanguka kwenye pipa, na ardhi yetu yenyewe ni matumbawe na mchanga wa pwani, chokaa tupu. Udongo wa chokaa unashika madini ya chuma, mti unakuwa nayo pale chini lakini hauwezi kuyanyonya. Dalili yake ni majani machanga kuwa ya manjano huku mishipa imebaki kijani, na mti wetu ulikuwa nayo kwenye ncha, mimi nikidhani ni njaa nikaongeza samadi. Sasa watu hapa kila mmoja atakwambia tia jivu la jikoni, tia maganda ya mayai. Tafadhali msitie, angalau sio kwenye asumini na sio kwenye udongo wa Lamu. Jivu na maganda ya mayai yanaongeza ule ule uchokaa ambao tayari umezidi. Mahali penye udongo mchachu vinafaa, hapa petu ni kumtia chumvi mtu aliyekunywa maji ya bahari.

Udongo mpya nilileta kutoka bara, upande wa Mpeketoni, magunia mawili yalikuja kwa boti kutoka Mokowe na kubebwa na punda mpaka mlangoni. Nikachanganya na mboji ya majani yaliyooza vizuri, na samadi ya punda ile ya zamani ambayo imekaa miezi minne mpaka haina harufu, mkono mmoja kwa kila mikono minne ya udongo. Mizizi iliyozunguka pipa nikaipunguza kidogo pembeni. Na kwenye duka la agroveti nilinunua ile mbolea ya maji ya kunyunyiza kwenye majani yenye chuma na zinki, nilinyunyiza baadaye majani yalipotoka, mara moja kila wiki mbili, jioni. Wiki ya tatu umanjano ukaanza kuondoka.

Na maji. Kisima chetu ni maji ya chumvi kidogo, ya kuogea na kufulia. Onja maji unayotia mti, ukisikia chumvi kwenye ulimi na mti unaisikia, ncha za majani zitakuwa za kahawia kama zimechomwa. Sasa asumini natilia maji ya mvua niliyokinga kwenye tangi la juu, na yakiisha natia ya mfereji. Masika yakija naacha mvua iuoshe udongo mpaka maji yatoke chini ya pipa, inatoa chumvi iliyojikusanya.

Kulipandisha pipa darini, juu ya paa kwenye jua, ilikuwa kazi ya wanaume watatu, kakangu na marafiki zake wawili, ngazi zetu mnazijua, nyembamba na zinakunja. Kukata mti kwanza kulisaidia hapo, usingepita. Tuliuweka upande wa nyuma ya ule ukuta mfupi wa dari kwa sababu ya upepo, upepo wa bahari una chumvi na unaunguza machipukizi machanga. Siku kumi za kwanza niliufunika na kipande cha makuti juu kupunguza jua, manake mti uliokaa kivulini miaka mitatu ukiutoa ghafla kwenye jua la dari unaungua hata vijiti. Kisha nikaondoa makuti kidogo kidogo.

Siku ya kumi na mbili nilipanda na chai yangu ya alfajiri nikaona nukta za kijani, moja pale, nyingine pale. Nikashuka nikamwambia mamangu. Alipanda ngazi na magoti yake yale yanamuuma, akaangalia kijiti kimoja kimoja, akasema alhamdulillahi, na hapo ndio tukaanza kusema tena vizuri.

Mwezi wa kumi na moja machipukizi yalikuwa marefu kama shubiri. Yalipofika majani manne matano nikakata ncha zake kwa kucha, mara moja tu, kila moja likagawanyika mawili. Hili lilinichelewesha kama wiki mbili tatu lakini maua yakawa maradufu. Kumwagilia ikawa asubuhi moja nzito, mpaka maji yachuruzike chini, kisha sitii tena mpaka nikichomeka vidole viwili udongo uwe mkavu. Kwenye jua la dari wakati wa kaskazi hio ni kila siku mbili, mara nyingine kila siku. Ile ya kiu ni ya kabla ya kukata, mti ukishaanza kutia matumba usiunyime maji, utayaangusha.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili nikaona matumba. Madogo kama punje za mtama, matatu matatu kwenye kila ncha. Wiki moja hivi baadaye, usiku, nilikuwa nimelala na dirisha wazi na harufu ikanijia kabla sijajua ninasikia nini. Niliketi kitandani. Mamangu alikuwa ameshaamka, namsikia anapanda ngazi.

Mwezi wa kwanza tukapata tabu ya utitiri, wale wekundu wadogo wanaokaa chini ya jani wakati wa joto kavu, jani linakuwa na vidoti vidogo vya manjano na utando mwembamba. Niliosha majani upande wa chini kwa maji ya kasi kila alfajiri siku tano mfululizo, siku mbili kati ya hizo na sabuni kidogo ya kipande iliyoyeyushwa, wakapungua sana. Dawa kali sikutia, haya maua yanawekwa kifuani na kichwani na juu ya mto wa bibi harusi, siwezi kutia sumu humo.

Watu wananiuliza ni aina gani. Hii yetu ni ya petali chache, tabaka moja mbili, ndio inayotoa kwa wingi. Kuna ile nyingine ya petali nyingi imejifunga kama kiwaridi kidogo, Waingereza wanaiita kwa jina la mtawala mmoja wa Italia, Grand Duke of Tuscany, ni nzuri ajabu lakini inakua polepole na maua ni machache, kama unayo usiilinganishe na hii. Asili ya zote ni upande wa India na majirani zake, na kwa sababu maji na pepo zetu ndizo zilizotuunganisha na huko tangu zamani, sishangai ilifika hapa. Imefika kwingi. Ufilipino wameifanya ua la taifa tangu 1934. Wachina wanachanganya na majani ya chai, na wao wanachuma alasiri, tumba limefumba, ili lifunguke usiku ndani ya chai na kuiachia harufu. Niliposoma hilo nilimuona bibi kwenye kiti chake cha kamba.

Na kuna jambo moja limenikaa rohoni kuliko yote. Asumini hii ni nadra sana kuzaa mbegu. Inaendelea kwa vipande, mtu anakata tawi anampa mwenzake, yule anapanda, mti ukikua anakata anampa mwingine. Bibi alipewa kipande na mamake, ambaye alipewa na mtu wa Pate. Ikimaanisha mti wangu si mtoto wa mti wa mama yake bibi, ni ule ule, tawi la mwili mmoja limetembea kutoka mkono mpaka mkono. Nilipokuwa nashika mkasi sikulijua hili. Nilimwambia mamangu akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza vile vijiti nilivyokata nilivitupa wapi.

Sikuvitupa. Vijiti kumi na viwili vya unene wa penseli, urefu wa shubiri, nilivichomeka kwenye makopo ya maziwa yenye mchanga wa mto na mboji nusu kwa nusu, nikaviweka kwenye kivuli, unyevu kila siku lakini sio maji ya kusimama. Baada ya wiki sita saba nilivuta kidogo, saba vilikuwa vimeshika. Huko kivulini kiwandani ndio mahali pao wakiwa wachanga, kwa hivyo kiwanda bado kina kazi.

Harusi ya binamu yangu ilikuwa Shaabani, mwezi wa pili 2025, kabla ya Ramadhani. Siku ile tulichuma matumba mia na ishirini na kitu, mimi na mamangu na watoto wa kakangu, wale ambao chumba chao ndicho kilichoziba jua, wao ndio walioshika uzi. Mamangu alifunga vikuba na mrehani. Bi mkubwa wa Langoni alialikwa, nikampelekea chake mwenyewe kwenye kitambaa kibichi, akanusa, akaniuliza nilikata mwezi gani. Nikamwambia mwezi wa tisa. Akasema kwa sasa nisikate chini vile, baada ya kila wimbi la maua nipunguze ncha tu, na ile ya dhiraa nifanye mara moja demani ikiingia.

Makopo manne yameshachukuliwa. Moja limekwenda Malindi kwa dadangu, amenitumia picha ameliweka chini ya mwembe, nimempigia simu usiku huo huo alitoe. Matatu yamebaki pale kiwandani. Mtu wa Mkomani au Langoni akitaka aje na kopo lake, alasiri nipo.